Kansa ya Tezi Dume Ikishasambaa: Kuchagua Matibabu na Kuishi Baada Yake



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unahusu ugonjwa ambao baba zetu wengi huuficha mpaka siku mkojo unapoziba au miguu inapokataa kusimama. Ni kansa ya tezi dume, na hasa ile ambayo imekwisha kutoka kwenye tezi na kufika sehemu nyingine za mwili. Tunaandika kwa ajili ya familia nzima, si kwa wazee peke yao. Hapa kwetu Kalangalala, kama ilivyo Nyankumbu, Kasamwa au Katoro, mgonjwa haendi hospitali peke yake. Hupelekwa na mwanawe, huchangiwa na ndugu zake, huuguzwa na mkewe, na mara nyingi ng'ombe wa nyumba nzima ndio wanaouzwa. Kwa hiyo kuchagua matibabu ni shauri la nyumba nzima, ingawa neno la mwisho ni la mgonjwa mwenyewe.

Jambo kuu la kushika katika somo hili ni hili: kansa ya tezi dume ikishasambaa, kwa kawaida haiondoki yote, lakini inatibika. Na tiba inayomfaa mgonjwa ni ile aliyoielewa, aliyoikubali, na ambayo familia yake inaweza kuiendeleza bila kuikatiza.

1. TEZI DUME NA KANSA YAKE

Tezi dume ni kiungo kidogo kama ndimu, kilicho chini ya kibofu cha mkojo cha mwanamume. Mrija wa mkojo hupita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi.

Mwanamume akizeeka, tezi hii hukua. Kwa wengi ni kuvimba kwa uzee tu, si kansa, ingawa kunasumbua: kuamka mara nyingi usiku, mkojo kutoka kwa kudonda, kusubiri sana kabla haujaanza kutoka. Kwa wengine ni kansa. Dalili za mwanzo zinafanana, na kansa inaweza kukua muda mrefu bila dalili yoyote. Ndiyo maana mtu hawezi kujua kwa kukisia. Ni lazima apimwe.

Kansa ikitoka kwenye tezi, hupenda kwenda kwenye mifupa: uti wa mgongo, nyonga, mbavu na mapaja. Hapo mzee huanza kulalamika mgongo. Watu humwambia ni uzee, au ni kazi za duarani alizofanya ujanani, na hupakwa dawa za kuchua kwa miezi mingi. Mzee mwenye maumivu ya mgongo yasiyokoma, hasa yanayomwamsha usiku, akiwa pia na shida ya mkojo au anakonda, apelekwe hospitali.

2. KUJUA HAKIKA KABLA YA KUCHAGUA

Haiwezekani kuchagua dawa ya ugonjwa usiojulikana. Vipimo vya kawaida ni hivi:

Kwanza, daktari hupapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Wanaume wengi hukikimbia kipimo hiki na kukifanyia mzaha kijiweni. Huchukua dakika moja tu, wala hakipunguzi heshima ya mtu.

Pili, kipimo cha damu kiitwacho PSA. Kikiwa juu, hakisemi peke yake kwamba ni kansa, kwa sababu hata uvimbe wa uzee na maambukizi ya mkojo hukipandisha. Hata hivyo kinatoa ishara ya kuendelea kuchunguza.

Tatu, kuchukua vinyama vidogo kwenye tezi na kuvipeleka maabara. Hapa ndipo jibu la hakika hupatikana, pamoja na daraja la ukali wa kansa.

Nne, picha: eksirei, atrasaundi, au mashine kubwa zaidi, ili kuona kama kansa imefika kwenye mifupa na viungo vingine.

Familia ihifadhi majibu yote katika bahasha moja na kuyabeba kila safari. Karatasi zikipotea, vipimo hurudiwa na fedha hupotea.

3. KWA NINI KUKATA TEZI HAKUTOSHI

Wengi watakumbuka kwamba Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete, akiwa bado madarakani, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika Hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani. Aliporudi aliwaeleza Watanzania waziwazi kwamba ilikuwa kansa iliyogunduliwa mapema, akawahimiza wanaume wakapime. Lilikuwa jambo jema kwa kiongozi kusema hadharani yale ambayo wengi huyaona aibu.

Lakini tangu hapo familia nyingi huuliza: “Mbona baba yetu haondolewi tezi na yeye apone?” Jibu ni kwamba kansa iliyo bado ndani ya tezi inaweza kukatwa au kuchomwa kwa mionzi ikaisha. Ile iliyokwisha kufika kwenye mifupa ni kama magugu yaliyokwisha kutawanya mbegu shamba zima. Kung'oa shina la kwanza hakusafishi shamba. Hapo yahitajika tiba inayofika mwili mzima.

Hali hiyo humpata mkubwa na mdogo. Mei 2025 ilitangazwa kwamba Joe Biden, Rais wa zamani wa Marekani na Mkatoliki mwenzetu, aliyekuwa na miaka 82, alikutwa na kansa ya tezi dume iliyokwisha kufika kwenye mifupa. Na tukumbuke pia kwamba Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini aligundulika na kansa ya tezi dume mwaka 1997, akaendelea na utume wake miaka mingi, akafariki Desemba 2021 akiwa na miaka 90. Ugonjwa wa kila mtu una mwendo wake. Hivyo tusiwe wepesi wa kumhesabia mgonjwa siku zake.

4. NJIA ZA MATIBABU

Kansa ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume, ambayo sehemu yake kubwa hutengenezwa kwenye korodani. Mwaka 1941 daktari Charles Huggins, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Chicago, alionyesha kwamba homoni hiyo ikipunguzwa, kansa hiyo husinyaa na maumivu hupungua. Kwa ugunduzi huo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Mpaka leo msingi wa tiba ya kansa iliyosambaa ni huo: kuinyima chakula chake.

(a) Upasuaji wa kuondoa kokwa za korodani. Ni upasuaji mdogo, unaofanyika mara moja tu, mara nyingi kwa ganzi bila nusu kaputi. Homoni hushuka katika muda wa saa chache. Wagonjwa wengi huruhusiwa kurudi nyumbani siku ileile au baada ya siku moja au mbili. Ngozi ya korodani hubaki, sauti ya mtu haibadiliki. Hakuna sindano ya kurudia wala dawa ya kukosekana dukani. Ubaya wake ni kwamba haurudishwi nyuma, na unagusa moyo wa mwanamume mahali penye uchungu.

(b) Sindano za kuzuia homoni. Huchomwa kila mwezi, au kila miezi mitatu, kutegemea aina. Kwa kuipunguza homoni, zina nguvu sawa na upasuaji, na mtu habaki na jeraha. Lakini ni za kuendelea, na bei yake ni kubwa. Tena, aina iliyozoeleka huipandisha homoni kwa siku chache za mwanzo kabla ya kuishusha. Kwa hiyo daktari huweza kutoa vidonge vya kinga kwanza, hasa kwa mgonjwa ambaye kansa imefika kwenye uti wa mgongo. Vidonge hivyo visirukwe.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Wanaume huchagua sindano wakidhani zitawaachia nguvu za kiume, na kwamba upasuaji ndio unaoziondoa. Sivyo. Zote mbili huondoa homoni ileile, na kwa hiyo hamu ya tendo la ndoa hupungua katika njia zote mbili. Tofauti ni kwamba sindano zikisimamishwa, homoni huweza kurudi. Na homoni ikirudi, kansa nayo hupata chakula.

(c) Dawa za kuongezea nguvu. Siku hizi mgonjwa mwenye mwili unaoweza kuhimili huongezewa, juu ya upasuaji au sindano, vidonge kama abirateroni, au dripu za kansa kama dosetaseli inayotolewa kila baada ya wiki tatu. Imethibitika kwamba kuongeza tiba hizi mapema kunarefusha maisha ya wagonjwa wengi. Shirika la Afya Duniani liliiingiza abirateroni katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Abirateroni humezwa pamoja na dawa ya jamii ya steroidi, na mgonjwa hupimwa shinikizo la damu, ini na madini ya damu. Hivyo si dawa ya kununua na kumeza bila daktari.

(d) Mionzi. Kwa kansa iliyosambaa, kazi yake kubwa ni kutuliza maumivu ya mfupa. Mara nyingi dozi moja tu hutosha kumpa mgonjwa nafuu katika mfupa uliopigwa. Kwa kansa iliyotoka kidogo nje ya tezi bila kufika mbali, mionzi ikiungana na tiba ya homoni huweza kutibu kwa undani zaidi.

(e) Tiba shufaa. Hii ni huduma ya kuondoa maumivu na mateso, pamoja na kumsaidia mgonjwa na familia kimwili, kimawazo na kiroho. Haipaswi kungojewa mpaka mwisho. Inaanza siku ile maumivu yanapoanza.

Tiba ya homoni huleta nafuu kwa wengi, mara nyingine katika siku chache. Aliyekuwa hawezi kugeuka kitandani huenda akatembea mpaka kanisani. Lakini baada ya miezi au miaka, kansa nyingi hujifunza kuishi bila homoni nyingi, na hapo daktari hubadilisha mpango. Familia ijue hilo mapema, isije ikadhani mgonjwa amerogwa au hospitali imemdanganya.

5. JE, KANISA LINARUHUSU UPASUAJI HUO?

Swali hili huulizwa na waamini wenye dhamiri njema: “Korodani si mgonjwa, je, si dhambi kukata kiungo kizima, tena cha uzazi?” Lilikwisha jibiwa. Tarehe 8 Oktoba 1953 Papa Pio XII alizungumza na madaktari wa magonjwa ya njia ya mkojo wa Italia. Alifundisha kwamba kinachotazamwa si tu kama kiungo chenyewe ni kigonjwa, bali kama kuendelea kufanya kazi kwake kunauletea mwili mzima hatari kubwa. Kiungo kizima kinaweza kuondolewa kama kinaichochea kansa, kama hakuna njia nyingine ya kufaa ya kuondoa madhara hayo, na kama faida inayotarajiwa ni kubwa kuliko hasara. Kusudi si kuzuia uzazi, bali ni kuokoa mtu.

Basi baba anayekubali upasuaji huu kwa ajili ya uhai wake hatendi dhambi. Na ndoa yake inabaki ndoa kamili. Udhaifu wa mwili unaokuja baada ya ndoa haulegezi kifungo chake.

6. KUKAA CHINI NA KUCHAGUA

Tuchukue mfano. Mzee wa miaka 70 anaishi kijijini, ana ng'ombe sita na shamba la mihogo na pamba. Vipimo vinaonyesha kansa imefika kwenye mifupa. Anakataa upasuaji; watoto wanaafiki sindano. Sindano za kila miezi mitatu ni 4 kwa mwaka, na 12 kwa miaka mitatu. Kila moja ina nauli ya watu wawili na chakula cha safari. Ng'ombe wa kwanza anauzwa, wa pili anauzwa. Mwaka wa pili mvua inakataa, pamba inashuka bei, sindano inarukwa mara moja, halafu mara mbili. Maumivu yanarudi, na sasa hakuna ng'ombe wala sindano. Kumbe angeelezwa tangu mwanzo, huenda angechagua upasuaji wa mara moja, na wale ng'ombe wangemlisha maziwa na kumnunulia dawa nyingine.

Mzee mwingine ana bima inayolipia sindano, anaishi karibu na hospitali, na moyo wake hauwezi kabisa kuukubali upasuaji. Kwake sindano zinafaa. Kwa hiyo hatusemi njia moja ni ya wote. Tunasema hesabu ifanywe kwa miaka, si kwa mwezi wa kwanza.

Kabla ya kukubali, mgonjwa na familia waulize:

1. Kansa imefika wapi, na lengo la matibabu ni nini: kuponya, kuizuia, au kutuliza maumivu?
2. Kuna njia zipi kwa hali yangu, na kila moja ina faida na madhara gani?
3. Gharama kwa mwaka mzima ni kiasi gani, pamoja na vipimo na nauli?
4. Bima yetu inalipia kipi katika hivyo?
5. Dawa hii ikikosekana, tutafanya nini?
6. Nitarudi lini, na nikizidiwa nyumbani niende wapi?

Kuhusu mahali, anza na kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Geita, upate barua ya rufaa. Kwa upande wa Sengerema kuna hospitali ya jimbo letu. Kwa madaktari bingwa wa kansa na mionzi, Kanda ya Ziwa tunayo Bugando, Mwanza, hospitali ya Baraza la Maaskofu Katoliki inayoendeshwa kwa ubia na Serikali. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Saratani Ocean Road. Safari ya Mwanza imekuwa nyepesi tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi. Mgonjwa mwenye maumivu ya mifupa hangoji tena kivuko. Asiye na uwezo asibaki nyumbani kwa aibu: aonane na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, aeleze hali yake, aulize utaratibu wa msamaha.

Mgonjwa aambiwe ukweli. Watoto wengi humwomba daktari amfiche baba. Wanafanya hivyo kwa upendo, lakini mzee asiyejua ugonjwa wake hawezi kuchagua, hawezi kupanga urithi, wala kujiandaa kiroho. Aambiwe taratibu, na mtu anayemwamini, na kwa lugha anayoielewa. Kama Kisukuma ndicho kinachomwingia, basi aelezwe kwa Kisukuma.

Na ikiwa mtu anataka kwenda kwanza kwa mganga, au kuna mhubiri anayemwambia aache dawa kwa sababu amekwisha ponywa, tukumbuke kwamba sura ya 38 ya Kitabu cha Yoshua bin Sira yatufundisha kumheshimu tabibu, kuitumia dawa, na kumwomba Mungu pia. Sala haigombani na sindano. Mizizi inayonywewa kwa siri pamoja na dawa za hospitali huweza kudhuru ini na figo. Kama umeitumia, mwambie daktari bila woga.

7. MAISHA BAADA YA MATIBABU

Mwili. Homoni ikishuka, mgonjwa hupatwa na fukuto la ghafla: joto linapanda usoni, jasho linamtoka hata usiku wa baridi. Si malaria. Nguo nyepesi, maji ya kunywa na kupunguza pombe husaidia. Matiti huweza kuuma au kukua kidogo. Misuli hupungua, tumbo huongezeka, uchovu huja. Mifupa hupoteza uimara, na hatari ya kisukari na shinikizo la damu huongezeka. Kwa hiyo atembee kila siku kadiri awezavyo, aache sigara, ale dagaa wa ziwani pamoja na mifupa yake, maziwa, maharage, mboga na matunda, na apimwe sukari na shinikizo kila anaporudi kliniki.

Kazi. Mwenye kansa kwenye mifupa asishuke duarani, asibebe viroba vya mawe wala kuponda mwamba, kwa kuwa mfupa uliodhoofika huvunjika kwa jambo dogo. Lakini asikalishwe kama kinyago. Anaweza kusimamia mifugo, kupalilia bustani, kutunza hesabu za duka, kufundisha wajukuu. Mtu anayehitajika hupata sababu ya kuamka asubuhi.

Mpira wa mkojo. Wengine huwekewa mpira kwa muda. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuugusa, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, mgonjwa anywe maji ya kutosha, na ubadilishwe kwa tarehe iliyoandikwa. Asizuiwe kwenda Misa kwa sababu ya mpira. Kanzu au suruali pana humsitiri.

Ndoa. Hapa ndipo penye machozi ya kimya. Baba hamkaribii tena mkewe, lakini hasemi kwa nini. Mama naye anadhani amechukiwa, au kuna mwanamke mwingine. Wangeelezwa wote wawili na daktari kabla ya matibabu, nusu ya uchungu huo isingekuwapo. Upendo wa ndoa una njia nyingi: kula pamoja, kushikana mkono, kulala karibu, kusali Rozari jioni, kuzungumza juu ya watoto. Baba asiyeweza tendo la ndoa bado ni mume na bado ni kichwa cha shauri la nyumba yake. Tunawaomba ndugu na majirani wasitie sumu kwa majina ya dhihaka. Neno moja la kejeli kilabuni limewafanya wanaume wakatae tiba ambayo ingewasimamisha.

Moyo. Homoni ikishuka, huzuni na hasira huweza kupanda bila sababu ya kuonekana. Familia isiseme, “Siku hizi baba ni mkorofi.” Akiwa halali, hali, au anasema ni heri kufa, daktari aambiwe, hiyo nayo inatibika.

8. DALILI ZISIZONGOJA KESHO

Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo:

- Miguu ikilegea au kufa ganzi, au akishindwa kuzuia haja, hasa pamoja na maumivu makali ya mgongo. Huenda uti unabanwa. Akiwahishwa anaweza kutembea tena. Akicheleweshwa siku chache huenda asisimame kamwe.
- Mkojo ukiziba kabisa, au ukitoka na mabonge ya damu.
- Homa kali, hasa akiwa na mpira au anapata dripu za kansa.
- Maumivu makali ya ghafla ya paja au nyonga baada ya kuanguka au kujipinda.

9. MAUMIVU, NA SIKU ZILIZOBAKI

Hakuna fadhila katika kumwacha mzee alie usiku kucha wakati dawa ipo. Maumivu makali ya kansa hutulizwa kwa mofini, ambayo yaweza kutolewa kama dawa ya maji ya kunywa. Nchi jirani ya Uganda imewasaidia wagonjwa wengi kwa njia hiyo, tangu Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Watu huiogopa wakidhani ni dawa ya kulevya au ya kuua. Ikitolewa kwa kipimo na kwa saa zake, inampa mgonjwa usingizi, hamu ya kula na nafasi ya kusali. Hufunga choo, kwa hiyo apewe pia dawa ya kulainisha choo, maji na papai.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2278 na 2279, yafundisha kwamba si lazima kung'ang'ania matibabu mazito yasiyolingana na faida yake, na kwamba tiba shufaa ni namna ya pekee ya upendo. Kwa hiyo mgonjwa aliyechoka, akiomba asipewe dripu nyingine bali apewe dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani, hajajiua wala hajakata tamaa. Lakini chakula, maji, usafi na kampani ya watu wake visikatwe.

Padre aitwe mapema. Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya dakika ya mwisho. Yeyote mwenye ugonjwa mzito anaweza kuipokea, na kuipokea tena hali ikizidi. Na mwenye shamba au kiwanja ayaweke maneno yake sawa akiwa na akili timamu, ili msiba usije ukazaa kesi.

Mwisho, watoto wa kiume na ndugu wa mgonjwa wajue kwamba hatari yao ni kubwa kuliko ya wengine. Wakifika miaka 45, au mapema zaidi kwa ushauri wa daktari, wakaulize habari ya kupimwa. Wakiugundua ugonjwa ukiwa bado ndani ya tezi, watakuwa na nafasi ambayo baba yao hakuipata.

KWA MAZUNGUMZO KATIKA FAMILIA NA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Je, katika jumuiya yetu kuna mzee asiyeonekana Misa siku hizi? Nani atamtembelea wiki hii?
2. Familia ikiwa na mgonjwa wa kansa, jumuiya yaweza kusaidia nini kila miezi mitatu: nauli, chakula, au mtu wa kumsindikiza?
3. Ni maneno gani tunayoyasema ambayo huwafanya wanaume wafiche ugonjwa?

Mungu awabariki baba zetu wote wanaougua, na awape nguvu wanaowauguza. Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, atuombee.